Baraza la Nyumbani: Timu Iliyoshindwa Mara 23 Mfululizo

Ndugu msomaji, majuma mawili yaliyopita, siku ya Jumamosi jioni, nilikuwa nimeketi barazani kwangu nikipitia karatasi nilizozileta kutoka ofisini, alipobisha hodi jirani yangu, mke wa sajini mmoja wa polisi. Alikuwa amemshika mkono mwanawe wa kiume, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye uso wake ulionyesha wazi kwamba hakuja kwa hiari.

"Mwalimu," aliniambia, kwa maana ijapokuwa niliiacha chaki zamani na sasa nalitumikia taifa mezani, majirani wa kambini hawajaliacha jina hilo, "nisaidie kusema na huyu. Timu ya shule yao imefungwa mechi sita mfululizo, na leo amekataa kwenda mazoezini. Baba yake amempigia simu kutoka kazini akamwambia kwamba mtoto wa askari hakimbii. Lakini amekwisha kukimbia, Mwalimu. Viatu vya mpira amevitupa chini ya kitanda."

Nilimwuliza mtoto mwenyewe ana neno gani. Alitazama chini kwa muda, kisha akajibu, "Mwalimu, hata tukienda tutafungwa tu."

Jibu hilo halikuwa la utovu wa adabu. Lilikuwa jibu la mtu aliyepiga hesabu. Na mtu aliyepiga hesabu hatibiwi kwa kukemewa. Sharti aonyeshwe kwamba hesabu yake haijafika mwisho. Basi nilimkaribisha mama kiti, mtoto nikampa mkeka, nikawasimulia habari za timu moja ya vijana ya nchi ya mbali, katika mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi. Kwa kuwa katika kambi zetu hakuna nyumba isiyojua maana ya siku mbaya zinazofuatana, nimeona si vibaya niirudie hadithi hiyo hapa, mbele ya jamaa wote wa baraza letu.

Mchezo wenyewe huitwa besiboli, nao unapendwa sana Marekani, Japani, Kuba na nchi nyingine za huko. Timu mbili hupokezana kupiga na kulinda uwanja, kila timu ikiwa na watu tisa. Mmoja wa walinzi, aitwaye mrushaji, husimama katikati na kuurusha mpira mdogo mgumu kwa kasi, na mpinzani wake husimama na gongo la mbao akijaribu kuupiga. Akiupiga vema, hukimbia kuzunguka vituo vitatu na kurudi kituo cha nne, kiitwacho nyumbani, na hapo timu yake huhesabiwa bao moja. Kila timu hupata zamu tisa za kupiga, na zamu huisha wapigaji watatu wakitolewa. Hakuna saa inayopigwa kumaliza mchezo, wala hakuna sare kama katika kandanda. Mkilingana, huendelea hadi mmoja ashinde.

Tena, ndugu msomaji, shika jambo hili, kwa maana ndilo shina la hadithi yetu: timu za huko hazichezi mara moja kwa juma. Hucheza karibu kila siku, msimu wote. Mwaka 1961 timu za Ligi ya Taifa zilipangiwa mechi 154 kila moja. Kwa hiyo aliyeshindwa leo hapati juma zima la kujiuguza. Kesho mchana amevaa tena, yuko uwanjani.

Katika mji wa Philadelphia, jimbo la Pennsylvania, ipo klabu iitwayo Phillies, iliyoanzishwa mwaka 1883. Ni klabu ya kale, lakini ukale wake haukuwa na utajiri wa ushindi. Hadi kufikia mwaka 1961 haikuwahi kuichukua fainali kuu ya nchi hata mara moja. Tena mwaka 1958, 1959 na 1960 ilimaliza ya nane katika ligi ya timu nane. Mwanzoni mwa msimu wa 1960, mkufunzi wake, Eddie Sawyer, alijiuzulu baada ya mechi moja tu. Mahali pake aliwekwa Gene Mauch, kijana wa miaka thelathini na minne, ambaye hakuwahi kuongoza timu ya daraja la juu.

Mauch alikabidhiwa vijana, akaambiwa awalee. Walikuwamo Johnny Callison, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili; Art Mahaffey na Chris Short, warushaji wenye miaka ishirini na mitatu; Tony Taylor, mzaliwa wa Kuba; na Rubén Amaro, mzaliwa wa Mexico, mlinzi hodari wa kati. Alikuwamo pia mrushaji mrefu aitwaye Dallas Green, ambaye nawaomba msilisahau jina lake, maana tutakutana naye tena mwisho wa safari.

Kati ya vijana hao alibaki mzee mmoja, Robin Roberts. Nasema mzee, lakini alikuwa na miaka thelathini na minne tu, mdogo wa mkufunzi wake kwa mwaka usiotimia. Katika michezo umri huhesabiwa kwa kalenda nyingine. Roberts alikuwa shujaa wa mji huo. Kuanzia mwaka 1950 hadi 1955 alishinda mechi ishirini au zaidi kila msimu, misimu sita mfululizo. Mwaka 1961 mkono ule ulikuwa umechoka. Msimu ulipokwisha alikuwa ameshinda mechi moja na kushindwa kumi.

Si kwamba vijana wale hawakuwa na kipaji. Tarehe 23 Aprili 1961 Mahaffey aliwatoa wapigaji kumi na saba wa Chicago Cubs katika mechi moja bila wao kuugusa mpira ipasavyo, jambo ambalo warushaji wengi huustaafu mchezo bila kulifikia. Kipaji kilikuwapo. Kilichokosekana ni ule ugumu unaopatikana kwa kuishi tu, ambao hakuna chuo kinachoufundisha kwa juma moja.

Basi ilifika tarehe 28 Julai. Siku hiyo Phillies walishinda, na aliyerusha mpira ni kijana aitwaye John Buzhardt, mzaliwa wa mji mdogo wa Prosperity katika South Carolina, jina ambalo kwa lugha yetu ni Neema. Kesho yake, tarehe 29, walishindwa. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa kushindwa ndiyo ilikuwa desturi yao. Wakashindwa tena, na tena. Juma likaisha. Agosti ikaingia, wakashindwa wakiwa nyumbani, wakashindwa wakiwa ugenini. Mara nyingine walizidiwa kwa mabao mengi, mara nyingine kwa bao moja tu, na mwenye kushindwa kwa bao moja ndiye asiyelala usingizi, kwa maana usiku kucha hulitafuta lile bao moja lilikopotelea.

Waliofuatilia habari za ligi walianza kufungua vitabu vya kumbukumbu. Tangu mwaka 1900, idadi kubwa kabisa ya kushindwa mfululizo ilikuwa mara ishirini, na kati ya timu zilizokuwa na alama hiyo ilikuwamo timu nyingine ya mji huo huo wa Philadelphia, Athletics, iliyoifikia mwaka 1916 na tena mwaka 1943. Phillies wakafika ishirini. Wakaipita. Wakafika ishirini na mbili.

Hebu tutulie hapa kidogo, wazazi wenzangu, tujiulize ni nini humpata mtu katika siku kama hizo. Kushindwa mara ya kwanza ni tukio. Mara ya tano ni bahati mbaya. Lakini kushindwa mara ya kumi na tano huanza kuonekana kama tabia, kama rangi ya ngozi ambayo huwezi kuivua. Mpigaji hasubiri mpira mzuri. Anauvamia wa kwanza ili ayamalize. Mlinzi huomba moyoni mpira usije upande wake. Kila mmoja anacheza si kwa ajili ya kushinda bali kwa ajili ya kutokuwa yeye atakayelaumiwa. Na timu ya watu tisa, kila mmoja akijificha nyuma ya mwenzake, haina mtu hata mmoja mbele.

Askari wanaosoma safu hii hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Nao wake zao wanalijua kwa namna yao. Ni nani kati yetu hajapata mwezi ambao mshahara ulichelewa, mtoto akaugua, paa likavuja na barua ya uhamisho ikaja, yote kwa pamoja, hata mama wa nyumba akafikia kusema, kama mwana wa jirani yangu alivyosema, "hata tukijaribu haitakuwa"?

Tarehe 20 Agosti 1961 ilikuwa Jumapili. Phillies walikuwa ugenini, katika mji wa Milwaukee, na ratiba iliwataka wacheze mechi mbili siku hiyo hiyo, moja baada ya nyingine. Ya kwanza walishindwa. Hiyo ilikuwa ya ishirini na tatu.

Wakapumzika kidogo, wakarudi uwanjani kwa ajili ya mechi ya pili. Mauch alimpa mpira John Buzhardt, yule yule wa tarehe 28 Julai. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitano siku tatu tu kabla ya hapo. Hakuwa nyota, na msimu ule alimaliza akiwa ameshinda mechi sita na kushindwa kumi na nane. Lakini jioni ile alirusha zamu zote tisa mwenyewe bila kupokewa na mtu, na wenzake wakampatia mabao. Matokeo yakawa Phillies saba, Milwaukee Braves nne. Mlango ulifungwa na yule yule aliyeuacha wazi.

Hapo, ndugu msomaji, pana jambo la kutufanya tucheke, maana hata msibani mtu hucheka. Ndege iliyowarudisha nyumbani ilipotua Philadelphia usiku, waliona umati uwanjani. Mmoja wa warushaji, Frank Sullivan, aliyekuwa na msimu mbaya kuliko wengi, aliwashauri wenzake washuke kwa kuachiana nafasi, ili wasimalizwe wote kwa mfyatuo mmoja wa risasi. Askari wetu watautambua ushauri huo, kwa maana ndio wanaofundishwa kila wanapopita mahali pa hatari. Lakini umati ule haukuja kuwadhuru. Ulikuja na bendi. Mauch alinyanyuliwa mabegani kama bwana harusi, kwa ushindi mmoja baada ya kushindwa ishirini na tatu.

Nilipofika hapo, mwana wa jirani yangu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Kisha wakawa mabingwa, Mwalimu?"

Ingekuwa rahisi kumjibu ndiyo na kumpeleka mtoto akalale. Wengi wetu huwasimulia watoto hadithi za namna hiyo, ambamo kila mvumilivu hula mbivu kabla ya jua kuchwa. Lakini mtoto hukua, akagundua kwamba mbivu nyingine huliwa na ndege, na siku hiyo huacha kutuamini hata katika yale ya kweli. Nilimwambia kweli.

La, hawakuwa mabingwa. Msimu ule walishinda mechi 47, wakashindwa 107, wakawa wa mwisho kwa mwaka wa nne. Robin Roberts aliuzwa baada ya msimu. Alama ile ya ishirini na tatu haijavunjwa mpaka leo. Mwaka 1988 Baltimore Orioles waliuanza msimu kwa kushindwa mara 21, na mwaka 2024 Chicago White Sox nao walishindwa mara 21 mfululizo, wakamaliza msimu wakiwa wameshindwa mara 121, lakini hata wao hawakuwafikia vijana wa 1961.

Hata hivyo, viongozi wa Phillies hawakuivunja timu, wala hawakumfukuza Mauch. Vijana waliachwa wakomae pamoja. Mwaka 1962 walishinda mechi 81 na kushindwa 80, yaani kwa mara ya kwanza mizani iliinamia upande wao, japo kwa uzito wa unyoya. Mwaka 1963 walishinda 87. Mwaka 1964 mji mzima uliamini kwamba saa imefika. Mnamo tarehe 20 Septemba, zikiwa zimebaki mechi kumi na mbili tu, Phillies waliongoza ligi kwa nafasi ya mechi sita na nusu.

Kesho yake walicheza na Cincinnati. Art Mahaffey, yule yule wa kumi na saba, ndiye aliyerusha, na alirusha vema. Hakuna aliyefunga hadi zamu ya sita. Ndipo mchezaji mmoja wa Cincinnati, Chico Ruiz, akiwa kituo cha tatu, alipochomoka ghafla kukimbilia nyumbani wakati mrushaji anajiandaa, jambo la hatari ambalo kocha mwenye busara hawezi kuliamuru, kwa kuwa mpigaji aliyesimama pale alikuwa Frank Robinson, mmoja wa wapigaji wakali kabisa wa enzi ile. Ruiz akafika. Phillies wakafungwa bao moja kwa bila, nao wakaanza kushindwa tena, mara kumi mfululizo. Walipoamka, St. Louis Cardinals walikuwa wamekwisha kupita, na ubingwa wa ligi ulipotea kwa mechi moja.

Wazee wa Philadelphia bado wanaubishania mwezi ule. Lililo wazi ni kwamba Mauch, kwa kuona hatari, aliwategemea warushaji wake wawili hodari, Jim Bunning na Chris Short, akawarudisha uwanjani mara kwa mara baada ya mapumziko ya siku mbili tu, badala ya siku tatu au zaidi walizozoea. Nia yake ilikuwa njema. Lakini mkono wa mtu si mpini wa jembe. Kila kamanda wa zamu anajua kwamba askari hodari akiwekwa lindoni usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu bila kupokewa, usiku wa nne si hodari tena. Nanyi akina baba, kumbukeni kwamba sheria hiyo inafanya kazi hata jikoni. Nyumba ikipata shida, aghalabu mzigo wote humwangukia yule mmoja anayejulikana kuwa haangushi mzigo, ama mama, ama binti mkubwa. Humpakia juu ya alichonacho kwa sababu ndiye anayeweza, mpaka siku moja hawezi.

Wala Mauch hakuwa malaika katika hasira. Mwaka 1963, baada ya kushindwa mechi chungu mjini Houston, aliipindua meza ya chakula kilichoandaliwa kwa wachezaji wake, nyama na mchuzi vikaruka mpaka kwenye nguo zao. Jambo hilo bado linasimuliwa kwa kicheko. Mimi sikulicheka sana, kwa maana nimewahi kukaa katika nyumba ambamo sahani ilirushwa ukutani kwa kosa ambalo halikutendwa na mtu yeyote aliyekuwa mezani. Baba anayerudi na kushindwa kwake kazini na kukumwaga juu ya ugali wa watoto hajapunguza kushindwa, amekuongezea wenzake. Mauch alikuwa mwenye akili nyingi za mchezo, akaongoza timu mbalimbali kwa misimu ishirini na sita, wala hakufika fainali kuu hata siku moja. Simsemi kwa ubaya. Namsema kwa sababu ni mtu aliyejitahidi maisha yake yote bila kulipwa alichokitaka, na watu wa namna hiyo ni wengi kuliko mabingwa, tena wanastahili heshima.

Sasa turudi kwa wale wawili niliowaombeni msiwasahau. Nakiri kwamba niliwaomba mmoja tu, lakini wa pili amekuja naye. Dallas Green hakuwa mrushaji mkubwa. Alipoacha kucheza, alibaki klabuni akifanya kazi ya kulea wachezaji chipukizi. Mwishoni mwa msimu wa 1979 akakabidhiwa timu. Tarehe 21 Oktoba 1980, Phillies waliwashinda Kansas City Royals katika mechi ya sita ya fainali kuu, wakawa mabingwa wa Marekani kwa mara ya kwanza, miaka tisini na saba tangu klabu ianzishwe. Aliyewaongoza ni Dallas Green. Na miongoni mwa wasaidizi wake alikuwamo Rubén Amaro. Wote wawili walikuwamo katika timu ya 1961. Waliokuwa wameshindwa mara ishirini na tatu walikuwa wamesimama pale pale, wakiwaelekeza vijana wengine.

Sidai kwamba kushindwa kwao ndiko kulikoleta ushindi ule. Miaka kumi na tisa ni mingi, na wachezaji wa 1980 walikuwa wengine kabisa. Ninalosema ni dogo zaidi, nalo naliona kweli: ishirini na tatu haikuwafukuza. Walibaki kazini mpaka neema ikawakuta hapo walipo.

Mama wa mtoto alikuwa kimya muda wote. Ndipo aliponiambia, "Mwalimu, hizo ni habari za Wazungu wenye mishahara. Huyu hana mshahara. Ana viatu vilivyotoboka."

Neno lake lilikuwa na uzito, nami nilimjibu kwa habari ya hapa hapa kwetu Uganda. Katika jimbo lile lile la Pennsylvania upo mji wa Williamsport, ambako kila mwaka hufanyika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walipata haki ya kwenda, wakanyimwa viza. Fikiri uchungu wake, kushindwa kabla ya kupewa gongo. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walijaribu tena, wakafuzu, wakasafiri, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano hayo. Walifungwa na Panama mabao tisa kwa matatu. Walifungwa na Mexico kumi na mawili kwa bila. Ikabaki mechi moja ya kuwapa faraja waliokwisha kutolewa, dhidi ya watoto wa jimbo la Oregon. Kombe halikuwapo tena. Wangeweza kuicheza kwa kulegea, au kusema, "hata tukienda tutafungwa tu." Walishinda tatu kwa mbili.

Mtoto aliuliza, "Lugazi hii ya barabara ya Jinja?" Nikamwambia, hii hii. Akanyamaza, lakini unyamavu wake ulikuwa wa aina nyingine.

Ndugu msomaji, wengi mtapenda kujua mwisho wake. Jumatatu alikwenda mazoezini. Mama yake alivipeleka viatu kwa fundi aliye karibu na lango la kambi, vikashonwa. Baba yake alipopiga simu tena, hakumwambia kwamba mtoto wa askari hakimbii. Alimwuliza anacheza namba gani na mpinzani wao ni nani. Mama aliniambia kwamba mazungumzo hayo yalikuwa marefu kuliko yote ya mwezi huu. Nami naona kwamba swali lile la baba lilifanya kazi kubwa kuliko hadithi yangu yote. Mtoto anayeshindwa hahitaji sana kuambiwa asishindwe. Anahitaji mtu wa kumwuliza ilikuwaje, na kusubiri jibu.

Jumamosi iliyopita walicheza. Walifungwa mabao mawili kwa moja.

Jioni nilimwona nyuma ya nyumba yao, ameinamia beseni, anafua jezi yake mwenyewe. Nilimsalimu, nikamwuliza habari za mpira. Alinieleza kwa kirefu jinsi bao la pili lilivyoingia na kosa lilikuwa la nani, pamoja na lake yeye. Kisha akaikamua jezi, akaianika kambani, akasema, "Imebaki kidogo, Mwalimu. Jumatano tunacheza tena."

Tukutane juma lijalo, Mungu akitujalia uzima.